Wananchi kupanga namna ya kujinyanyua baada ya ugonjwa wa mlipuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenyeviti wa vijiji na mitaa, watendaji, viongozi wa vikundi na mwananchi yeyote wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe anayetaka mpango wa kijiji chake utokane na walioumia, si na waliokaa viti vya mbele.

Ugonjwa ukiisha si maisha yanaendelea? Kupanga ni kwa nini?

Maisha yanaendelea, ila hayaendelei sawa kwa kila kaya. Chukua UVIKO-19. Tanzania haikufungia watu ndani, lakini shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na shule za msingi na sekondari zikafunguliwa 29 Juni. Wapo wasichana ambao hawakurudi. Mei mwaka huohuo Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda, na upande wetu, Tunduma, malori yakarundikana. Mama lishe, wabeba mizigo, wabadilisha fedha na wenye nyumba za wageni wanategemea mzunguko wa malori hayo. Aliyekula mtaji wake wakati ule aliuza sufuria, akatoka kwenye kikoba akiwa na deni, na leo hamwoni sokoni. Ukienda kuwahesabu waliopo sokoni utasema biashara imerudi.

Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kati ya vilivyojengwa ni madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Madarasa yalihitajika na yanatumika. Lakini darasa halimrudishi mwanafunzi aliyekwishaolewa, wala halilipi deni la kikoba. Hayo hayaonekani kutoka Dodoma, hata kutoka makao makuu ya wilaya hayaonekani. Anayeyajua ni jirani, na njia ya kuyafikisha kwenye bajeti ni mpango ulioandikwa na kupitishwa na kikao halali.

Je, kushirikishwa ni haki yetu au ni hisani ya viongozi?

Ni haki. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinaanzisha serikali za mitaa na kusema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kijijini chombo chenye kauli ya juu ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 inatekeleza kwa niaba ya mkutano huo.

Mjini mambo ni tofauti kidogo, na wengi hujikwaa hapa. Kijiji kilichosajiliwa kinatambuliwa na sheria kama mtu: kinamiliki mali, kinafungua akaunti, kinatunga sheria ndogo. Mtaa wa Jiji la Mbeya au Manispaa ya Iringa hauna hadhi hiyo. Mtaa unapendekeza, halmashauri inaamua. Kwa hiyo mkiwa mtaani wekeni nguvu mapema kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa diwani, maana hapo ndipo jambo lenu linapopata miguu.

Tuanze mwezi gani?

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vipaumbele vya vijiji vinapita kwenye kata, halmashauri inaandaa bajeti mwanzoni mwa mwaka, kisha Bunge linajadili kati ya Aprili na Juni. Anayepeleka muhtasari wake Machi amechelewa. Lengeni muhtasari wenye muhuri uwe mezani kwa Mtendaji wa Kata kabla Novemba haijaisha.

Rudisheni hesabu nyuma. Kazi nzima inachukua wiki 8 hadi 10, kwa hiyo inaanza Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Bahati nzuri kalenda hiyo inakubaliana na huku kwetu: mavuno ya mahindi yamekwisha, baridi kali ya Juni na Julai imepungua, na mvua za Novemba hazijafika. Mkiingia Desemba watu wako kwenye palizi. Bonde la Usangu Januari na Februari watu wako majarubani, kwenye mpunga. Rungwe na Mufindi mvua ikichanganya chai inachumwa kwa wingi, na mchumaji hawezi kuacha kilo zake aje kusikiliza hotuba.

Siku ya mnada au gulio iacheni. Na kila tarehe iwe na tarehe ya akiba: ukitokea msiba kijiji kizima kinakwenda kuzika, na hakuna mwenyekiti mwenye busara atakayelazimisha mkutano siku hiyo.

Hatua zenyewe ni zipi?

Wiki mbili za kwanza ni za timu na takwimu. Halmashauri ya Kijiji iteue timu ya watu 8 hadi 10, nusu wanawake, kila kitongoji kikiwa na mtu wake. Wawili wawe waandishi, na hawa wachaguliwe kwa uvumilivu kuliko mwandiko. Mwenyekiti wa kijiji asiwe mwezeshaji. Akisimama mbele yeye, watu watamjibu yeye badala ya kujibu swali.

Takwimu nyingi tayari mnazo. Zahanati ina vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya: linganisheni mahudhurio ya kliniki ya watoto na ya wajawazito mwaka kabla ya janga, wakati wa janga, na sasa. Shule ina rejista za mahudhurio. Vikoba vina daftari za marejesho. Soko lina stakabadhi za ushuru. Ombeni jumla tu, bila majina.

Wiki ya tatu hadi ya sita ni za kusikiliza kwa vikundi na kwa kaya. Huu ndio moyo wa kazi na ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Swali linalofuata linaueleza.

Wiki ya saba timu inakaa na kupanga yaliyosemwa. Hapa kuna kosa moja la kuliangalia sana: kugeuza shida kuwa jengo. Wanawake wa kitongoji cha mbali wakisema "tunajifungulia njiani", mwandishi anaandika "ujenzi wa zahanati". Huenda tatizo ni daraja la miti lililosombwa, au pikipiki inayodai fedha taslimu usiku, au mhudumu mmoja anayefunga saa tisa na nusu. Kila moja ina tiba yake na gharama yake. Andikeni maneno kama yalivyosemwa, tiba itafutwe baadaye.

Wiki ya nane mnarudi kwenye vitongoji kupanga vipaumbele. Wiki ya tisa Halmashauri ya Kijiji inapitia gharama, na wiki ya kumi Mkutano Mkuu unajadili na kupitisha. Tangazo la mkutano litoke siku saba kabla au zaidi, kwa ubao, kwa mbiu, kanisani na msikitini. Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, ugongwe muhuri, na uambatane na orodha ya mahudhurio. Muhtasari usio na orodha ya mahudhurio ni rahisi kukataliwa kwenye kata.

Watendaji wataona kwamba hii inafanana na mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, inayotumika nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni kweli. Msianzishe mfumo mpya pembeni. Tumieni huohuo, ila muongeze swali la janga: nani alipoteza nini, na nini kinamzuia kusimama?

Walioumia zaidi hawaji mkutanoni. Tunawapataje?

Mnawafuata. Mkutano wa hadhara una watu wake: wazee wa kiume, wajumbe, wenye mashamba karibu na ofisi. Mjane anayelea wajukuu, kijana wa bodaboda, kibarua wa kiwanda cha mbao Mafinga anayepanga chumba, mfugaji wa Mbarali aliyehamia juzi, mtu asiyesikia, wote hawapo. Na wakiwepo, hawazungumzi.

Fanyeni vikao vidogo vya watu 8 hadi 12 wanaofanana, visivyozidi saa moja na nusu. Wanawake wazungumze na mwezeshaji mwanamke. Bodaboda na bajaji muwafuate kijiweni saa nne asubuhi abiria wakipungua, na kikao kiwe cha dakika 30. Mama lishe ni baada ya saa tisa alasiri, vyombo vikioshwa. Vibarua ni jioni ya siku ya malipo au Jumapili mchana. Iringa na Njombe kuanzia mvua mpaka Mei ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kikao cha alasiri karibu na kilabu kitajaa watu na hakitakuwa na maneno ya kuandika, kwa hiyo msimu huo fanyeni asubuhi.

Kisha pigeni hodi. Kitongoji chenye kaya 80, tembeleeni kila kaya ya nane kwa mpangilio wa njia, mtapata kaya 10. Msichague wenyewe, mtachagua marafiki. Ongezeni kaya tatu au nne ambazo balozi wa nyumba kumi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwalimu, kila mmoja peke yake, wamezitaja kuwa zimeelemewa. Kaya ikitajwa na wote watatu, anzeni nayo.

Lugha nayo ni mlango. Bibi wa Rungwe atasema mengi kwa Kinyakyusa ambayo kwa Kiswahili atayafupisha kuwa "hali ni ngumu". Mwezeshaji azungumze lugha ya mama wa kikundi, mwandishi aandike Kiswahili, na mwisho amsomee msemaji kwa lugha yake ili asahihishe. Ni hivyohivyo kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa na Kikinga.

Msianze kwa kuuliza nani kafiwa. Maswali manne yanatosha: Wakati ule wa ugonjwa, siku yako ilibadilika vipi? Nani au nini kilikusaidia? Ni kipi ulichokipoteza ambacho mpaka leo hakijarudi? Kingerudi kimoja, ungeanza na kipi? Swali la pili msiliache. Ndilo linalowaonyesha vikoba, majirani na vikundi vya dini vilivyobeba watu, na mpango mzuri unaviongezea nguvu hivyo badala ya kuvipita.

Kura ya kunyoosha mikono ina ubaya gani?

Mke anamwangalia mume, mpangaji anamwangalia mwenye nyumba, mwenye deni anamwangalia mwenye duka. Tumieni punje.

Andaeni makopo yasiyoonyesha ndani, kila moja likiwa na mfuniko uliotobolewa tundu la upana wa kidole gumba. Juu ya kila kopo bandikeni mchoro wa jambo linalopigiwa kura: bomba, kitabu, pochi ya fedha, kitanda cha zahanati. Mambo yasizidi manane. Yawekeni ndani ya darasa, mtu mmoja anaingia na kutoka. Wanawake wapewe punje tano za maharage, wanaume punje tano za mahindi. Kila mtu anazigawa apendavyo, zote kopo moja au kwa makopo tofauti. Watu 120 wanahitaji punje 600, na kilo moja ya maharage ina punje kama elfu mbili, kwa hiyo gharama ni ndogo mno na mboga ya kesho haipotei.

Faida yake ni kwamba kura ni ya siri lakini hesabu inajitenga. Mkimwaga kopo lenye mchoro wa bomba na kukuta maharage matupu, mmejua jambo ambalo mkutano wa mikono usingewaambia. Hesabuni hadharani, andikeni maharage mstari wake na mahindi mstari wake, na yote mawili yaende kwenye muhtasari. Msiyajumlishe tu na kutupa tofauti.

Yanayoharibika: mtu kuja na punje zake mfukoni (waandishi wahesabu idadi ya waliopewa, mara tano, na jumla ifanane), watoto kuchezea makopo, na mchoro usioeleweka. Jaribuni michoro kwa watu watano wasiosoma kabla ya siku yenyewe. Asiyeona asindikizwe na mtu aliyemchagua mwenyewe, si na mjumbe.

Kwa timu au Halmashauri ya Kijiji, ambako watu ni wachache, ulinganisho wa jozi ni bora: kila jambo linashindanishwa na kila jingine. Mambo manane yanatoa mashindano 28, yanamalizika kwa saa mbili. Mambo 12 yanatoa 66, na kufikia la arobaini watu wanakubali chochote ili waende nyumbani. Punguzeni kwanza.

Tunaandika majina ya waliougua?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu. Zaidi ya sheria, kijijini jina likiandikwa kwenye daftari limeshatangazwa. Andikeni "kaya inayoongozwa na mzee, watoto watatu, kitongoji fulani". Na kama kitongoji kina kaya moja tu ya namna hiyo, acheni hata kitongoji. Kaya inayohitaji msaada wa haraka iunganishwe moja kwa moja na ofisa ustawi wa jamii, nje ya mkutano.

Fedha zitatoka wapi?

Gaweni mambo mafungu matatu kabla ya kuuliza swali hilo.

La kwanza ni yale mnayoyaweza wenyewe ndani ya siku 90: kusafisha mfereji, kubadili saa za mikutano ya kikoba, zamu za kuwasindikiza watoto, kusamehe faini za waliochelewesha marejesho wakati wa janga. Yaanzeni kabla muhtasari haujafika wilayani. Mpango ambao haujaonyesha kitu kwa miezi mitatu unapoteza watu, na kuwarudisha ni kazi kubwa kuliko kuwaita mara ya kwanza.

La pili ni yanayohitaji halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani haina riba, inagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Inapitia vikundi vilivyosajiliwa, hivyo kazi ya mpango ni kuhakikisha walioanguka wana kikundi. Mkiviachia vikundi vikongwe peke yake, mkopo unakwenda kwa waliokwishasimama. Mwoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, usajili na katiba ya kikundi vinakula wiki kadhaa. Kaya maskini zaidi ziko kwenye mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), na utambuzi wake hupita kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo orodha yenu ya hali za kaya itawasaidia wakati huo.

Majengo yana utaratibu unaojulikana: wananchi wanainua boma, halmashauri inamalizia. Msianze boma kabla mhandisi wa halmashauri hajawapa ramani na kabla ofisa husika hajathibitisha kwamba mahali hapo panaruhusiwa. Yapo maboma ya zahanati yanayoota nyasi kwa sababu yalijengwa karibu mno na zahanati nyingine, au vyumba havifuati ramani, na michango ya watu imelala humo.

La tatu ni ya taasisi nyingine. Barabara za wilaya ni TARURA, maji ya vijijini ni RUWASA kupitia chombo cha watumia maji, umeme ni TANESCO na REA. Halmashauri haiwezi kuyabajeti kwa niaba yao. Barua iende kwa meneja wa wilaya wa taasisi husika, nakala kwa mkurugenzi na diwani.

Mtendaji anasema bajeti imeshafungwa. Tuache?

Msiache. Fungu la kwanza halihitaji bajeti. Fungu la pili lipitishwe sasa, lisubiri mzunguko ujao likiwa kwenye muhtasari wa kata. Muulizeni mtendaji kwa heshima kama jambo lenu liliingizwa kwenye mfumo wa mipango wa halmashauri, PlanRep. Jibu ni ndiyo au hapana, na diwani anaweza kulithibitisha.

Tuwalipe posho wanaohudhuria?

Hapana kwa mhudhuriaji wa kawaida. Mkilipa mara moja, mkutano wa pili bila posho hautakuwa na watu, na fedha iliyokuwa ya kutembelea kaya itaishia kwenye bahasha. Lakini mtu maskini asipoteze kwa kuja. Mama lishe aliyefunga genge, mtu anayehitaji bajaji kwa sababu hatembei, mkalimani wa lugha ya alama, hao wagharimiwe. Uji au chai kwa kikao kinachopita saa mbili ni ubinadamu. Timu inayotembea wiki nne ilipwe nauli na chakula, kiwango kitangazwe mkutanoni na kiandikwe ubaoni. Kinachogombanisha watu ni kiwango kilichofichwa.

Tunajuaje kama mpango unatekelezwa?

Kila jambo liwe na mistari sita: nini, wapi, nani anawajibika kwa jina la cheo, lini, shilingi ngapi na kutoka wapi, na nani ataliendesha baada ya kukamilika. Mstari wa sita ndio unaoachwa wazi, na ndio unaoua miradi.

Angalieni kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono. Dumu la lita 5 limetobolewa kwa msumari wa moto, limening'inizwa kwenye mti kati ya nguzo mbili, kamba inashuka hadi kijiti cha kukanyaga, sabuni ya kipande imefungwa pembeni. Kinatengenezwa kwa nusu saa. Wakati wa UVIKO-19 vilikuwa kila mahali, na vingi vilikauka. Chombo kilikuwa kizima, hakuna aliyepangiwa kukijaza. Lita 5 kwa watu wanaotumia nusu lita kila mmoja ni watu 10 tu. Genge la wateja 60 linahitaji kujaza mara sita kwa siku, na mtu wa kubeba lita hizo 30. Mkiandika "vibuyu chirizi 20 sokoni" bila kuandika nani anateka maji, kwa zamu ipi, na sabuni inanunuliwa kwa fedha gani, mmeandika madumu 20 makavu.

Kila miezi mitatu, kwenye Mkutano Mkuu ambapo mapato na matumizi husomwa, isomwe pia hali ya mpango: lililofanyika, lililokwama na sababu yake. Na ndani ya siku 14 baada ya kupanga vipaumbele, timu irudi kwenye kila kikundi ilichokisikiliza ikaeleze jambo lao liliingia wapi, na kama halikuingia, kwa nini. Mtu anakubali jambo lake kushindwa kwa kura. Kupuuzwa hakubali, na safari nyingine hatafungua mlango.

Sisi huku tumeshapitia UKIMWI. Kuna la kujifunza?

Kubwa sana, na ajabu ni kwamba halitumiwi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Mikoa hii imeishi na janga kwa zaidi ya kizazi kimoja, na watu wake wanajua kujinyanyua kunakuwaje. Wahudumu wa majumbani, vikundi vya wanaoishi na VVU, kamati za watoto walio katika mazingira hatarishi: hawa wanazijua kaya. Wapewe nafasi kwenye timu kabla ya kutafuta wataalamu wa mbali.

Funzo moja limegharimu wengi. Baada ya vifo, ugomvi unaofuata ni wa ardhi. Mjane anaambiwa shamba ni la ukoo, yatima wanagawanywa na shamba linauzwa. Kwa hiyo mpango wa kujinyanyua uweke mirathi na ardhi ukurasa wa kwanza. Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba na kati yao wanawake wasiopungua watatu, lipo kisheria kwa usuluhishi tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hakikisheni limeundwa na linakaa. Kaya zilizofiwa zisaidiwe kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke liwemo.

Na wasichana walioacha shule?

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kizuizi kilichobaki nyumbani ni nani atakayelea mtoto, sare, na maneno ya watu. Mawili ya kwanza yanaingia kwenye mpango kwa shilingi na kwa jina la mlezi. La tatu mwalimu mkuu na viongozi wa dini walizungumze waziwazi, mapema, kabla msichana hajavaa sare.

Kundi la WhatsApp linatosha badala ya mkutano?

Linatosha kutangaza tu. Mwenye simu ya vitufe, mwenye bando lililoisha na bibi hawamo. Uamuzi uliofanyika kwenye kundi la simu hauna muhtasari wala akidi.

Ugonjwa ukirudi katikati ya kazi?

Msisitishe, punguzeni. Vikao viwe vya watu 10 nje chini ya mti, umbali wa mkono mmoja na zaidi, kwa dakika 40. Ziara za kaya zifanyikie uani. Kipindupindu kikiwa ndicho kilichopo, chakula cha pamoja kiondolewe na maji ya kunawa yatangulie kufika kabla ya watu. Mkutano Mkuu usogezwe kwa barua, na vitongoji vikutane kimoja kimoja. Mganga wa zahanati ndiye anayesema lini, si mwanasiasa.

Mwenyekiti akibadilika, mpango unakufa?

Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024, na watendaji huhamishwa wakati wowote. Mpango uliopitishwa na Mkutano Mkuu ni wa kijiji, si wa mtu. Tengenezeni nakala nne: ofisi ya kijiji, ofisi ya kata, shule, na moja kwa katibu wa timu. Kila nakala iwe na muhtasari, orodha ya mahudhurio, hesabu ya punje na barua zote zilizotumwa. Mtendaji mpya akifika, timu imwombe kikao ndani ya mwezi wake wa kwanza, imkabidhi faili kwa maandishi, na asaini kwamba amelipokea.